Mguu Hauchagui Pedi

Kwenye kiwanda cha mikate chenye magari tisa, aliyeogopwa kuliko wote hakuwa mwenye kiwanda, wala mlinzi wa getini na rungu lake. Aliyeogopwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye ovaroli ya buluu iliyofupishwa miguu kwa mkasi. Alikaa gereji ya nyuma, kati ya ghala la unga na tangi la maji, na katika vidole vyake kumi alifuga ukucha mmoja tu, wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Ukucha huo haukuwa wa mapambo. Ulikuwa rula yake. Aliuweka ubavuni mwa pedi ya breki, akatazama. Nyama ya pedi ikiwa nene kuliko ukucha ulivyochomoza, gari linakwenda kazini. Ikiwa nyembamba kuliko ukucha, gari linabaki, mikate inabaki nalo, na wateja wale viazi.

Watu walimwita Bi Kucha, naye alilipenda jina hilo. Lile la kwenye vyeti lilikuwa refu na lilikaa kwenye mafaili, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakuwa na safari.

Alikuwa fundi wa breki kwa miaka ishirini na miwili. Injini aliwaachia wengine. "Injini kazi yake kukuondoa," alikuwa akisema. "Kuondoka kila mjinga anaweza. Kusimama ndiyo elimu."

Alianza kwa kuosha magari hayohayo, akiwa na miaka kumi na tisa na mdomo mwepesi wa kuuliza maswali. Fundi wa wakati huo alimwambia mwanamke hawezi kufungua nati ya tairi iliyoshika kutu. Hakubishana. Alitafuta kipande cha bomba, akakivisha kwenye mpini wa spana, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili kama mtu anayepanda ngazi. Nati ikalia, ikatii. "Sijaifungua," akamwambia fundi. "Mimi nimesimama tu. Kusimama nako mmekukataza?" Fundi yule alistaafu akiwa amemfundisha kila alichojua, na mambo mawili matatu ambayo hakuyajua.

Wageni walipoingia gereji, kitu cha kwanza walichokiona kilikuwa ukuta. Ulikuwa na misumari mirefu kumi na minane, kila gari miwili, wa kushoto na wa kulia. Kila pedi iliyokwisha kazi Bi Kucha aliikwaruza mwezi na mwaka kwa ncha ya msumari, akaitoboa, akaifunga kwa waya na mwenzake, kisha akaitundika mahali pake: ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Vyuma chakavu mtu mwenye akili huuza. Huyu alivitundika kama mitungo ya samaki waliokaushwa. Madereva waliuita ukuta ule "mkufu wa Bi Kucha" na walimcheka, lakini kwa sauti ndogo, na wakiwa wameshatoka nje.

Dereva wa gari namba sita hakucheka hata nje. Huyo alikuwa na sababu zake. Aliwahi kuwa mumewe.

Waliishi pamoja miaka kumi na moja, wakazaa watoto wawili ambao sasa ni vijana, na walikuwa wameachana kwa miaka minane. Mwanamume alikuwa na miaka hamsini na sita, mrefu, mpole, na alipiga mluzi tangu anaamka mpaka anapolala, ndiyo maana kiwanda kizima kilimwita Mluzi. Sababu za kuachana zilikuwa nyingi na hazikuhusu breki, isipokuwa moja. Siku moja aliendesha gari la shemeji yake kutoka sokoni hadi nyumbani akiwa hajashusha breki ya mkono, akashuka moshi unafuka nyuma, na bado anapiga mluzi. Mke alivumilia mengi. Hilo halikumtoka.

Sasa, Jumatano moja, saa tatu asubuhi, gari namba sita lilirudi trei tupu zikigongana nyuma, na gurudumu la mbele kushoto likitoa sauti ya kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria. Bi Kucha alilisikia tangu kwenye kona, kabla geti halijafunguliwa. Akaweka chini kikombe chake cha chai.

Mluzi aliteremka bila kupiga mluzi. Hiyo nayo ilikuwa habari.

"Ya tatu mwaka huu," akasema. "Gurudumu lilelile."

"Masikio ninayo."

"Sijafanya kitu, mama watoto."

"Watoto ni wako. Mama usimtaje. Lete jeki."

Kabla gurudumu halijaacha ardhi, meneja wa usafiri alikuwa ameshafika. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati limenyooka kwa pasi, na hakuonekana hata siku moja bila kile kishikwambi chake. Alikibeba kifuani kama mtoto mchanga, na kama ungemwita Kishikwambi angegeuka, maana kila mtu alimwita hivyo na alishakata tamaa ya kukataa. Ndani ya kioo kile kila dereva alikuwa na alama zake: anavyokimbia, anavyokata kona, na pedi zake zinabadilishwa mara ngapi. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamjua na unamkwepa. Huyu alikuwa mtu anayeamini namba, na anayeamini namba hukuumiza huku anakutakia mema.

"Seti tatu ndani ya miezi kumi," akasoma. "Wenzake wote moja moja. Huyu bwana anakanyaga breki kama anaua nyoka."

"Bosi, mimi—" Mluzi alianza.

"Utazungumza Ijumaa, mzee wangu. Saa nne tunakaa na mwenye kiwanda." Akamgeukia Bi Kucha na kumpa karatasi. "Hii ni ya fundi."

Ilikuwa fomu. Palikuwa na mstari ulioandikwa *Chanzo*, na ili kumpunguzia mama wa watu kazi, meneja alikuwa ameshaujaza: *uendeshaji mbaya*. Kilichobaki ni sahihi. Sahihi ikiwekwa, dereva anarudisha funguo Ijumaa hiyohiyo. Na dereva wa miaka hamsini na sita anayefukuzwa kwa kuharibu magari, nani tena atampa usukani? Hata toroli la sokoni watamnyima.

Bi Kucha aliisoma fomu kwa utulivu, kisha akaifutia mikono.

"Huyu ana miguu mingapi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyu muua nyoka wako."

"Miwili."

"Breki anakanyagia mingapi?"

"Mmoja."

"Na pedali za breki mle ndani ziko ngapi?"

"Moja, lakini Bi Kucha, mfumo unaonyesha—"

"Mguu mmoja, pedali moja. Sasa nieleze kama mtu mzima mwenzangu, mguu huo umejuaje kwenda gurudumu la kushoto ukaruka la kulia?" Aling'oa pedi mbili za kushoto, akazitia kwenye viganja vyake na kuziinua mpaka kwenye pua ya meneja. "Na tena tazama. Hizi mbili zinakaa gurudumu moja, zinaibana diski moja, hii kwa ndani, hii kwa nje. Ya ndani imeliwa mpaka bati, tena imeliwa mshazari, kama kipande cha sabuni cha mtoto mtukutu. Ya nje imenenepa, inang'aa, haijui shida. Ukikuta nyumbani kwako watoto wawili wa chungu kimoja, mmoja kakonda mbavu nje na mwingine mashavu hayo, utamfuata muuza unga kumgombeza, au utachungulia jikoni nani anapakua?"

Mluzi akacheka, akajizuia.

Kishikwambi hakucheka. "Bi Kucha," akasema kwa sauti ya chini, "kila mtu hapa anajua huyu alikuwa mume wako."

Bi Kucha akaziweka pedi chini, moja moja.

"Vizuri umesema," Bi Kucha akajibu. "Basi na hili liandike. Kama kuna kiumbe chini ya jua ambaye angeacha kazi zake aje kumtazama mwanamume huyu akifukuzwa, ni mimi. Ningekuja na kigoda changu, nikae mbele. Ningekuja na karanga. Lakini afukuzwe kwa yake, na yake ni mengi, niulize nikuhesabie. Hili si lake. Sahihi siweki."

"Usipoweka nitaandika kwamba fundi amekataa kutoa ushirikiano."

"Andika kwa herufi kubwa. Macho yangu yameanza kuchoka."

Meneja akaondoka na kishikwambi chake, na kama ilivyo kawaida ya watu wa aina yake, aliondoka akiwa ameshaanza kuandika. Bi Kucha alimsindikiza kwa sauti: "Na gari lako mwenyewe linavuta kushoto ukifunga breki! Nimelisikia leo pale getini!" Hakugeuka.

Maneno ni rahisi. Kesho yake, Alhamisi, ndipo kazi ilipoanza, maana kusema si mguu ni jambo moja, na kusema ni nini basi, hilo ni jambo la kuvulia shati.

Alilipandisha gari namba sita juu ya stendi, akavua magurudumu yote mawili ya mbele. Alianza na paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, maana paipu ikiziba ndani huruhusu mafuta kuingia na kuyakataza kurudi, na pedi inabaki imeng'ang'ania diski kama mgeni asiyejua kuaga. Paipu ilikuwa nzima. Hakuna aliyewahi kuiacha breki nzima ining'inie kwa paipu hiyo, kosa ambalo kwenye gereji yake mtu angelifanya mara moja tu maishani. Akashika kibano cha seremala, akaisukuma pistoni irudi ndani ya nyumba yake. Ilirudi taratibu, bila kinyongo. Nayo nzima.

Ikabaki pini.

Na wewe unayeendesha gari kila siku huku ukijisifu unalijua, kaa hapa kidogo, maana hili hukuambiwa. Kalipa ni taya ya chuma inayoikumbatia diski. Pistoni iko upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu taya nzima inateleza juu ya pini mbili ili kuivuta na pedi ya nje. Pini zikiteleza, pedi zote mbili zinagawana kazi kama ndugu. Pini ikigoma, ya ndani inabeba mzigo peke yake, na pini moja ikigoma huku ya pili inateleza, taya inakaa upande na pedi inaliwa mshazari. Dereva huko juu hana habari. Anakanyaga, gari linasimama, anapiga mluzi.

Gurudumu la kulia, pini zote mbili zilitoka kwa vidole viwili. La kushoto, ya juu ilitoka. Ya chini ikakataa. Bi Kucha akaizungusha, ikakataa. Akaipiga kwa mpini wa bisibisi, kisha kwa nyundo ndogo, ndipo ikatoka ikilalamika, na kile kipira kidogo cha kwenye ncha yake kilikuwa kimevimba hadi kimepoteza umbo.

Akakipeleka puani.

Pua ya fundi haidanganywi. Chini ya grisi nyeupe ya breki, ile inayokuja kwenye kitubu kama cha dawa ya meno, palikuwa na harufu ya kale, nzito: grisi nyeusi ya bearingi za magurudumu. Grisi ile inafaa sana mahali pake. Ukiipaka kwenye kipira cha breki, kipira kinainywa, kinavimba, na kikishavimba hakirudi tena hata ukikisugua kwa machozi. Na kopo la grisi nyeusi katika gereji ile lilikaa kwenye kabati, na kabati lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulining'inia shingoni kwa Bi Kucha.

Alikwenda ukutani. Msumari wa namba sita, kushoto. Akazipitia pedi moja moja kama mtu anayesoma barua ya zamani. Miaka na miaka, zimeisha sawasawa, ndani kwa nje. Mpaka mwezi wa pili. Kuanzia mwezi wa pili, mshazari. Mshazari. Mshazari.

Akakumbuka. Akakumbuka mpaka hali ya hewa. Asubuhi ya mwezi wa pili, gari hili hili kwenye jeki, gurudumu la kulia limekwisha, la kushoto limebaki. Kitubu cha grisi nyeupe kikakauka mkononi. Mikate imeshapakiwa, inatoa jasho ndani ya trei. Na Mluzi, amekaa kwenye usukani, anapiga honi. Honi, na katikati ya honi, mluzi. Mwanamke akaona bora afanye lolote gari liondoke na mdomo ule uende nalo. Akachovya kidole kwenye kopo jeusi. "Grisi ni grisi," akajisemea, akapaka pini moja, akafunga, akapiga bodi kofi: nenda!

Wiki iliyofuata grisi nyeupe ililetwa. Yeye alikuwa ameshasahau. Na kila pedi zilipoliwa, aliipangusa pini, akaipaka grisi nyeupe iliyo sahihi, akairudisha kwa kuigonga kidogo kwa nyundo. Kipira hakukitazama. Ya nini? Kilifungwa na mkono wake, na mkono wake haukosei. Kiwanda kizima kilijua hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyekitangazia.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wangejua ovaroli wangesema ovaroli.

Alikaa juu ya tairi, kipira kwenye kiganja. Mluzi alimkuta hapo saa nane mchana, akiwa amekuja kuuliza hatima yake kwa mlango wa nyuma.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Nani?"

Akamwonyesha kipira, akamweleza yote, hadi honi. Mluzi alisikiliza kichwa kimeinama. Alipoinua uso alikuwa anacheka, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane Bi Kucha hakujua amrushie nini.

"Kumbe hata wewe," Mluzi akasema.

"Hata mimi nini?"

"Hakuna. Hata wewe tu." Akachuchumaa karibu yake. "Sikiliza, mama wat— sikiliza, Bi Kucha. Sema kipira kilikuwa kibovu kutoka dukani. Nani atajua? Kishikwambi hajui pini na pilau. Mimi ninabaki na gari langu, wewe unabaki na jina lako, biashara imekwisha."

"Kipira hakikuwa kibovu. Nimekiua mimi."

"Watatufukuza wawili!"

"Basi tutapishana getini, na wewe unanipigia honi. Tumeshazoea."

"Ukaidi huu, mwanamke! Ndio ulionitoa ndani ya nyumba."

"Kilichokutoa ni breki ya mkono."

Mluzi akakwaruza simenti kwa kisigino cha kiatu. "Ile honi," akasema, "nilipiga tatu tu."

"Nne."

"Tatu."

"Nne, na mluzi katikati. Nilihesabu, ndiyo maana nilikosea."

Tusidanganyane kwamba usiku huo Bi Kucha alilala kama gogo. Uongo ulikuwa pale, mwepesi, umefungwa vizuri, hauna hata anayeudai. Kipira kibovu. Maneno mawili. Angeokoa mtu na jina lake kwa mkupuo mmoja, na duka la vipuri lisingejua hata limesingiziwa. Lakini asubuhi, akifunga vifungo vya ovaroli, aliona kwamba akisema hivyo, msumari namba sita utabaki ukimtazama kila siku kwa jicho la pembeni, na yeye hakuwa mtu wa kutazamwa hivyo ndani ya gereji yake. Nani wa kumkodolea yeye macho? Tena chuma?

Ijumaa, saa nne kasoro, aliingia ofisini na trei ya mikate. Ndani ya trei hapakuwa na mikate. Palikuwa na kalipa mbili, ya kulia na ya kushoto, pini zimerudishwa ndani, nyeusi, zinanuka barabara.

Mwenye kiwanda alikuwa ameshakaa. Alikuwa mama mzee mwenye miwani ya kamba na mikono iliyojaa makovu ya tanuri toka kiganjani hadi kiwiko, maana alianza kwa kuchoma mikate mwenyewe kabla hajaajiri wa kumchomea. Maneno yake yalikuwa machache. Kando yake Kishikwambi, na kando ya mlango Mluzi, kofia mikononi.

Meneja alisoma alama. Mfano huu, wastani huu, seti tatu kwa moja. Alisoma vizuri, kama mtoto aliyefaulu. Alipomaliza, Bi Kucha aliiweka trei juu ya karatasi zake.

"Bi Kucha! Hizo ni nakala safi!"

"Zilikuwa. Shika hapa." Akamwelekeza kwenye kalipa ya kulia. "Sukuma pini hiyo. Kwa kidole. Usiogope, haiumi."

Meneja alimtazama mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda akamwelekeza kwenye pini kwa kidevu. Akasukuma. Pini ikaingia ikatoka, laini.

"Sasa ya kushoto, ya chini."

Akasukuma kwa kidole. Akasukuma kwa kiganja. Akasimama, akasukuma kwa uzito wake wote, tai ikalala kwenye grisi. Pini haikumjua.

"Hapo," Bi Kucha akasema, "hata ungeweka dereva malaika. Mguu unaleta nguvu hadi mlangoni. Ndani kugawana ni kazi ya hizi pini. Ya huku imegoma, ndiyo maana pedi ya ndani imekufa na ya nje inanenepa. Mguu hauchagui pedi."

Akaing'oa pini kwa nyundo yake, akamwekea mwenye kiwanda kipira mezani. Mama mzee alikibonyeza kwa kidole gumba, akakigeuza, akakisogeza karibu na miwani.

"Kimevimba," akasema. "Kama unga uliozidishiwa hamira."

"Ndivyo hasa, mama."

"Nani alizidisha?"

Mluzi alikohoa pale mlangoni, kikohozi cha mtu anayeomba. Bi Kucha hakumtazama.

"Mimi," akasema. "Mwezi wa pili. Grisi ya breki ilikwisha, nikapaka ya bearingi. Halafu mara mbili nikabadilisha pedi nisikitazame kipira, kwa kiburi. Chanzo si dereva. Chanzo ni fundi. Leteni hiyo fomu nijaze kwa mkono wangu, na sahihi mliyoitaka mtaipata."

Kishikwambi alikuwa ameshafungua kioo, anaandika haraka, na kidole chake kilichopakaa grisi kikaacha mchirizi mweusi juu ya alama zote za madereva. "Basi afukuzwe fundi," akasema. "Kwa haki ileile."

"Na yale magari mengine manane?" mwenye kiwanda akauliza, bado amekishika kipira.

"Twende ukutani," Bi Kucha akajibu.

Wakaenda. Mwenye kiwanda alikuwa hajaingia gereji ile miaka mingi. Alisimama mbele ya misumari kumi na minane, mikono nyuma, akasoma kama anavyosoma mikate ikitoka tanurini: ipi imeungua, ipi mbichi, ipi imeiva pande zote. Kushoto sawa, kulia sawa. Kushoto sawa, kulia sawa. Gari baada ya gari, mwaka baada ya mwaka, mpaka namba sita.

Na hapo, badala ya kuinamisha kichwa kama washtakiwa wenye adabu, Bi Kucha akaanza kutoa amri.

"Toka leo vipira vinabadilishwa pamoja na pedi, viwe vizima au vigonjwa, kwa hiyo vinunuliwe. Pedi zinabadilishwa magurudumu yote mawili, si lililolia tu. Ukimvisha mguu mmoja kiatu kipya na mwingine kandambili, utembee ujionee. Na kila miezi mitatu gari linavuliwa magurudumu, pini zinachomolewa, zinapanguswa, hata kama breki iko kimya. Kimya ndicho kilichonidanganya. Na gari likiwa kwenye jeki, dereva hakai ndani. Akae huko nje, apige honi kwa mdomo."

Kishikwambi alitoa macho. "Bi Kucha, hivi unapewa onyo au unatoa?"

"Vyote," akasema mwenye kiwanda. Kisha akamrudishia Bi Kucha kipira kiganjani. "Mwandikie barua ya onyo, kali. Na hayo aliyoyasema yaandike ubandike kwenye milango ya magari yote tisa. Dereva arudi kazini." Alipofika mlangoni akageuka. "Hizo pedi za mshazari msizishushe."

"Ningeona nani angezigusa," Bi Kucha akasema.

Jumatatu barua ililetwa, muhuri juu, muhuri chini. Kishikwambi aliileta mwenyewe. Bi Kucha aliisoma hadi nukta ya mwisho, akachukua msumari, akaitoboa, akaipitisha waya, akaitundika namba sita, upande wa kushoto, juu ya pedi tatu za mshazari.

"Hiyo ni ya faili," meneja akasema. "Haikai ukutani."

"Kwenye faili nani ataiona? Wewe? Utaisahau kabla ya mwaka kwisha. Hapa naiona kila asubuhi kabla ya chai." Akamkazia macho. "Na wewe, funguo."

"Funguo gani?"

"Za gari lako. Bado linavuta kushoto."

Meneja alikihamishia kishikwambi kwapani. Akaingiza mkono mfukoni, akaziweka funguo juu ya kopo la grisi, akaondoka bila kuandika kitu.

Gari lake lingengoja zamu. Kwanza palikuwa na namba sita, juu ya stendi, linavishwa vipira vipya. Mikate ilishapakiwa kwenye trei kando, inatoa jasho. Mluzi alisimama nje, mahali palipoamriwa, mguu unacheza. Akavumilia. Akavumilia tena. Mwishowe akatoa mluzi, mmoja tu, mfupi.

"Rudia," Bi Kucha akasema bila kugeuka, "na hiyo mikate itaota ukungu humohumo."

Mluzi akaufumba mdomo. Mwanamke akakamua grisi nyeupe, akaipaka pini ya chini, akaiingiza. Ikateleza kwa kidole kimoja. Akaichomoa tena, akaipeleka puani, akaipangusa yote, akaanza upya.